Kaburi Upande wa Kulia

Sajenti Nyamoita alikuwa akiitazama ile klipu tangu chai ya asubuhi, na chai yenyewe ilikuwa imeshashika utando juu. Ilikuwa Jumapili. Kanisa la ng'ambo ya kituo lilikuwa likiimba kwa Kijaluo, spika zikikwaruza hadi meza ikatetemeka, naye hasikii. Kwenye simu yake maziko yaliendelea bila sauti. Mpiga picha alikuwa amesimama barazani, mgongo kwenye mlango wa nyumba, akitazama uwanja na lango. Hema jeupe, watu tele, kaburi limechimbwa upande wa kulia kama inavyompasa mwanamume kwa mila ya Wajaluo. Katikati ya watu alionekana Benard Ouko, mtengeneza video wa Homa Bay, kamera ikining'inia shingoni, akimsalimia mzee mmoja mwenye fimbo. Klipu ikaisha. Akaianzisha tena.

"Bado tu na hiyo kitu?" Inspekta Mayaka aliuliza kutoka mlangoni. Alikuwa mkubwa wake wa kazi, mtu wa maneno machache ila Jumapili, siku ambayo alichukia kuitwa kazini na kila mtu alijua.

"Bado, afande."

"Mzee Aloo alizikwa Karungu jana Jumamosi. Benard, mpinzani wa marehemu kibiashara, alipopigiwa simu alituma video ya hayo maziko, naye yumo. Cephas aliuawa hapa Suna Jumamosi hiyohiyo mchana, ndani ya studio yake, laptopu ikaibwa. Mtu mmoja hawezi kuwa Karungu na Suna kwa pamoja. Aliyemkuta Cephas ni Lorine, mfanyakazi wake, na siku iliyotangulia waliteta mpaka jirani wakasikia. Kesho asubuhi ninampeleka kortini kwa shtaka la mauaji. Sasa wewe unatafuta nini?"

"Sijui bado."

Mayaka akavuta kiti asikikalie. "Kama ni kwa sababu ya filamu ya maziko ya bwanako kuwa ndani ya hiyo laptopu, niambie sasa hivi nimpe mtu mwingine faili."

"Si kwa sababu hiyo."

Alisema kweli. Tangu Javan wake azikwe huko Rangwe, Nyamoita alikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya: upo, lakini huusikii. Cephas ndiye aliyepiga video siku ile, na miezi ilipita bila Nyamoita hata kupiga simu kuulizia. Mama mkwe wake alikuwa ameshatangaza kila pahali kwamba yule mke wa Kikuria alimzika mwanawe kwa macho makavu. Nyamoita hakuwa na la kumjibu, kwa maana siku yenyewe haikuwamo kichwani mwake. Alichobaki nacho ni kaburi. Kila asubuhi ya matanga alipotoka mlangoni lilikuwa hapo, mkono wake wa kulia, udongo bado mbichi.

"Una leo tu," Mayaka akasema, akaondoka.

Lorine aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa bado na fulana ya studio, jina la Cephas limeandikwa mgongoni. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye macho mekundu ya mtu anayeshinda mbele ya kioo cha kompyuta. Alikaa bila kuambiwa.

"Mliteta na Cephas Ijumaa," Nyamoita akaanza.

"Tuliteta, madam. Nilitaka aniachie laptopu nimalize video ya harusi nyumbani. Akakataa kabisa. Hiyo laptopu alikuwa anaipenda kushinda mtu! Aliuza pikipiki yake ndiyo alipie ile programu ya kuhariri, na kila mwezi lazima alipe tena, la sivyo wanamfungia. Mimi nilikuwa namwambia, si uchukue za bure? Kuna nyingi. Anasema za bure zinakataa faili za kamera yetu. Na zile zinazokubali, zinakupigia muhuri."

"Muhuri gani?"

"Maandishi makubwa, madam, jina la hiyo programu, yanalala juu ya picha. Wanakupa ujaribu bure, unakata video yako vizuri, unafurahi. Ukifika mahali pa kuitoa ndiyo umpelekee mteja, pap! Muhuri. Haung'oki mpaka ulipe. Muulize Benard wa Homa Bay. Huyo ndiye mfalme wa muhuri. Kuna bibi harusi mmoja amekaa na maandishi usoni kuanzia kanisani mpaka keki." Lorine alitaka kucheka, kisha akakumbuka alipo.

Nyamoita akamsogezea simu. "Unalijua boma hili?"

Lorine aliinama, akatazama klipu yote mpaka mwisho. "Hapana. Na vile nimekata maziko mengi ya Karungu... Hili silijui." Akairudisha nyuma kwa kidole. "Nani ametengeneza hii?"

"Benard."

"Woi! Muhuri uko wapi?"

Nyamoita hakuwa amelifikiria swali hilo, na hakuona aibu kwa kutolifikiria. Aibu nayo ilikuwa imekufa ganzi pamoja na mengine. "Labda alitumia simu," akasema.

"Hii ni kamera kubwa. Ona nyuma ya watu vile kumefifia. Faili zake ni nzito, simu ingezimika hapo hapo."

"Labda amelipia."

"Benard?" Lorine akasema, akamrudishia simu.

Konstebo Matiko aliendesha gari la kituo mpaka Homa Bay. Walipopita Rangwe alipunguza mwendo kwenye njia panda ya kwa akina Javan, kwa heshima, akimtupia Sajenti jicho. Nyamoita alikuwa ametazama upande mwingine, kwenye mahindi. Matiko akakanyaga mafuta.

Kwanza Nyamoita alimtaka Bonface. Bonface alikuwa na kibanda karibu na soko la Homa Bay, na kila aliyehitaji programu asiyoweza kuilipia alipita kwake na flashi mfukoni. Alipoona sare ya Matiko alivuta kitambaa akafunika kompyuta yake upesi kuliko mama anayefunika samaki.

"Mimi nauza kava za simu peke yake," akasema.

"Sikuja kukukamata, Bonface."

"Madam, hivyo ndivyo askari wote husema wakija kukamata."

"Nataka kujua jambo moja. Mtu akitaka video isiyo na muhuri, na hana pesa ya leseni, si anakuja kwako umpe programu ya wizi?"

Bonface alimtazama Matiko, akamtazama Sajenti, akapima. "Alikuwa anakuja," akasema mwishowe. "Zamani. Ya kukraki niliyokuwa nayo imekufa. Wenyewe walileta toleo jipya mwezi huu, na kila mtu niliyemwekea, ukiifungua inajifunga. Wateja wamenitukana mpaka nimezima simu. Benard alikuja hapa karibu alie."

"Benard Ouko? Alie kwa nini?"

"Alikuwa amepata kazi ya maana, omera, ndugu... samahani, madam. Shirika fulani la wavuvi, filamu kabisa, si maziko wala harusi. Kazi ya kumtoa kwenye hii shida yote. Wakamwambia wakiona yale maandishi kwenye picha watampa mtu wa Kisumu. Na siku zilikuwa zimeisha."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia aende kwa Cephas. Cephas ndiye ana leseni ya ukweli, si amwombe tu amtolee video moja?" Kitambaa kilianza kuteleza kutoka kwenye kompyuta, asikishike. "Wi! Madam. Ni mimi nilimtuma?"

Nyamoita aliandika jina lake na namba yake ya simu, akamwambia asisafiri.

Studio ya Benard ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vyombo. Ndani kulikuwa na pazia kubwa lililochorwa maporomoko ya maji, taa za miguu mirefu, na kioo cha ukutani ambapo wateja walichana nywele kabla ya kupigwa picha. Benard aliinuka mara moja. Alikuwa mtu wa miaka ya makamo, nadhifu, sauti laini. Alimpa Nyamoita mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, akainama kidogo kama anavyoinama mtu mbele ya mke wa ukoo.

"Karibu, mke wetu. Pole tena kwa Javan. Tulikuwa tunacheza naye tukiwa wadogo."

"Asante. Kaa."

Akakaa. Matiko akabaki mlangoni.

"Umekuja kwa ajili ya Cephas," Benard akasema. "Hiyo imeniuma sana. Lakini Jumamosi nilikuwa Karungu, kwa mzee Aloo. Klipu si umeiona?"

"Nimeiona. Ni safi. Haina muhuri."

"Nililipia."

"Lini?"

"Juzi juzi."

"Nifungulie nione."

Benard alisogea kwenye kompyuta yake. Ilikuwa nzee, ikapumua na kuguruma kabla ya kuamka. Nyamoita alimwambia achukue kipande chochote cha video, kifupi, akitoe. Benard akafuta jasho, akabofya, wakangoja. Kipande kilipocheza kilikuwa na mama mmoja akikata keki, na juu ya mama na keki yamelala maandishi makubwa meupe.

"Hii ni ya mazoezi," akasema. "Leseni iko kwa laptopu ya rafiki yangu. Kisumu."

"Anaitwa nani?"

"Atakuwa amesafiri."

"Sikuuliza kama amesafiri."

Lakini kukosa muhuri si mauaji, na Nyamoita alijua Mayaka angemcheka nayo. Klipu ingali ikimwonyesha mtu huyu Karungu, kwenye maziko ya mwanamume. Alitazama kiganja chake, kile ambacho Benard alikuwa amekishika dakika chache zilizopita kwa adabu yote ile. Wa kulia. Wa kushoto kwenye kiwiko.

Akatoa simu. Akaianzisha klipu, akaisimamisha pale Benard anapomsalimia mzee mwenye fimbo.

"Benard, wewe unatumia mkono gani?"

"Wa kulia."

"Hapa umempa mzee mkono wa kushoto."

Benard alicheka kidogo, bila pumzi. "Labda wa kulia ulikuwa na kamera."

"Kamera iko shingoni. Na mzee naye ametoa wa kushoto. Mzee mzima, mbele ya watu, anasalimia kwa kushoto?" Akaisogeza mbele. "Na huyu mama anatupa udongo kwa kushoto. Na huyu nyuma yake. Hata mhubiri ameinua Biblia kwa kushoto. Karungu nzima iliamka na mkono wa kushoto siku hiyo?"

Hakungoja jibu. Aliinuka akaenda kwenye kile kioo cha kuchania nywele, akainua simu mbele yake, akatazama maziko ndani ya kioo. Hapo kila kitu kilirudi mahali pake. Benard alimpa mzee mkono wa kulia, na mama akatupa udongo kwa wa kulia. Kaburi nalo likahama. Likakaa kushoto.

Alisimama hapo akilitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Matiko alikohoa.

"Ukitoka mlangoni ukitazama lango," Nyamoita akasema, bado akitazama kioo, "mwanamume analala kulia, mwanamke kushoto. Mimi ni Mkuria, sikuzaliwa nikilijua hilo. Nimelijua kwenu. Haya ni maziko ya mwanamke. Ukayageuza, kulia kukawa kushoto, ndiyo yafanane na ya mzee Aloo."

"Mke wetu..."

"Inspekta wangu hangejua tofauti. Ungemletea kaburi la kushoto angelipokea. Lakini ulisikia faili iko kwangu, ukasema huyu ameolewa Rangwe, huyu ataangalia upande. Kweli niliangalia. Kitu cha kwanza. Nikaona kulia, nikakuamini." Aligeuka. "Ni maziko ya nani?"

Taa moja ya miguu mirefu ilikuwa ikivuma. Benard aliitazama kana kwamba ndiyo itajibu. Kisha mabega yakamshuka.

"Mama yake Irine, mteja wa Cephas. Huko huko Karungu, wakati wa mvua. Cephas ndiye alipiga, mimi nilimsaidia na kamera ya pili."

"Kwa hiyo, hiyo video ilikuwa kwa laptopu ya Cephas."

"Ndiyo."

"Iko wapi?"

Benard alitazama pazia la maporomoko. Matiko akalivuta. Nyuma yake, kwenye mkoba wa kamera, laptopu ilikuwa imefungiwa ndani ya shuka.

Benard alisema yote hapo hapo, kwa sauti ile ile laini, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda posta. Alienda Suna Jumamosi kumwomba Cephas amtolee ile filamu ya wavuvi, moja tu. Cephas akakataa. Akasema leseni ni ya mashine moja na jina moja, wakimgundua watamfungia, na pikipiki yake imeliwa na hiyo leseni. Kila mtu anunue yake. Benard akasema atainunua na nini, wakati kazi hapewi mtu mpaka awe nayo, na hawezi kuwa nayo mpaka apewe kazi? Akaishika laptopu. Cephas akaishika pia. Wakavutana kama watoto. Benard akamsukuma, na nyuma ya Cephas kulikuwa na sanduku la chuma la kutuliza umeme, kichwa kikagonga hapo.

"Nilimwita jina," akasema. "Hakuitika. Nikaondoka nayo."

"Na filamu ya wavuvi?"

"Niliitoa jana. Bila muhuri." Akafuta uso kwa mikono miwili. "Walisema ni nzuri sana."

Matiko alimfunga pingu. Benard aliitoa mbele mikono yote miwili, kwa adabu.

Jua lilikuwa bado juu waliporudi kituoni Migori. Mayaka aliyasoma maelezo akiwa amesimama, akapuliza hewa puani, akatia sahihi ya kumwachilia Lorine. "Kumbe ulikuwa unatafuta kitu," akasema tu, na kwa Mayaka hiyo ilikuwa sifa. Kisha akaenda nyumbani kwake kula.

Lorine aliletwa mezani kuchukua simu yake na mkanda wake. Alipoambiwa yuko huru alikaa chini sakafuni, pale pale, akalia kwa sauti bila kujifunika. Nyamoita alimwacha. Alikuwa akiandaa mfuko wa vidhibiti, ile plastiki nene ambayo ikishabandikwa utepe haifunguliwi tena ila kortini, na laptopu ya Cephas ilikuwa mbele yake.

Lorine alipomaliza aliinuka, akajipangusa, akaiona. Nyamoita akamwonyesha klipu kwenye kioo kidogo cha mkoba wake. "Ah! Ni mama Irine!" Lorine akasema. "Si nimeikata mimi mwenyewe! Ndiyo maana sikulijua boma, limegeuzwa." Akatingisha kichwa. Halafu akashusha sauti. "Madam, ya mzee wako imo humo. Ya Rangwe. Nilishamaliza kuikata, imebaki kuitoa tu. Niruhusu dakika chache."

"Ni kidhibiti. Haiguswi."

"Kesho leseni inaisha. Ikiisha programu itafunguka, lakini haitatoa kitu, na nywila ya kuilipia alikuwa nayo Cephas peke yake. Kesi zenu zinakaa miaka. Madam, haitatoka tena."

"Nikiigusa, wakili wa Benard atasema nimeingiza kitu humo. Ataachiliwa, na utarudi wewe kwenye kile chumba."

Nyamoita akaitia laptopu ndani ya ule mfuko, akakata utepe kwa meno. Mkono ukasimama.

"Uliikata wewe mwenyewe?" akauliza.

"Yote. Cephas alikuwa ananiachia maziko, anasema mimi nina moyo mgumu."

"Mimi ninaonekana humo?"

"Sana tu."

"Nililia?"

Lorine alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mwenzake na mwenzake mwenyewe. "Hukumbuki?"

"Jibu."

"Ulilia, madam. Woi, ulilia! Jeneza lilipoanza kushuka ulivua kiatu kimoja ukataka kuingia nalo. Wanawake wawili walikushika huku na huku, na bado ukawashinda nguvu. Ulikuwa unamwita kwa Kikuria, sikuelewa maneno."

"Mama mkwe wangu anasema sikulia."

"Yeye hakuwepo hapo. Alikuwa ameishiwa nguvu, wakampeleka ndani ya nyumba, nimeona vile walimbeba. Aliporudi ulikuwa umeshakalishwa kwenye kiti, umenyamaza, unaangalia tu. Cephas aliniambia nipunguze pale, ni refu sana, watu watashindwa kutazama. Nikakataa. Sikukata hata kidogo. Iko yote."

Nyamoita alibandika utepe. Akausugua kwa kidole gumba kutoka pembe moja mpaka nyingine, akaandika tarehe na jina lake juu yake. Alirudi mwanzo wa utepe akausugua tena, ingawa ulikuwa umeshashika.

"Kaa," akamwambia Lorine, akamvutia kiti. "Niambie tena. Anzia pale walipompeleka mama ndani."